Kibandiko cha Ukutani

Kila asubuhi Odeta na Josephina waliongozana kwenda shule, wakikata njia nyuma ya stesheni ya treni ya Mpanda. Josephina aliishi nyumba ya jirani kwa mjomba wake, Mzee Nkwabi, aliyeuza asali ya Ugalla barazani kwake. Wote wawili walikuwa darasa la sita. Walizoea kugawana kiazi cha kuchemsha njiani, na hakuna aliyepima kipande cha mwenzake.

Nyumbani kwao Odeta kulikuwa na intaneti. Mama yake, Gaudiose, aliuza maharage ya Mwese kwa wateja wa mbali, hivyo baba yake, Gelasius, alimwita fundi afunge ruta, kile kisanduku kinachogawa waifai. Fundi alimwonyesha kibandiko kilichokuwa nyuma ya kisanduku. "Maneno haya ya siri ni ya kiwandani," alisema. "Yabadilisheni leo hii." Baba akaitikia vizuri tu. Fundi alipoondoka, Baba alikigeuza kisanduku akakitundika sebuleni, kibandiko kikitazama viti vya wageni. Kwa Baba Odeta, mgeni kuomba waifai ni sawa na mgeni kuomba maji: aibu ni ya mwenye nyumba. Basi kila aliyeingia alisoma mwenyewe akajiunga, na mtaa mzima ukamsifu kwa ukarimu.

Alhamisi moja Odeta alirudi kutoka shuleni akamkuta Mzee Nkwabi sebuleni kwao, amesimama, amekataa kiti.

"Soma hapa, Gelasius," alisema, akinyoosha simu.

Palipokuwa na jina la waifai ya nyumba ile, sasa paliandikwa: ASALI YA NKWABI NI SUKARI. Kila mwenye simu mtaani aliyatazama maneno hayo.

"Wateja wananiuliza barazani kwangu kama ni kweli," alisema mzee. "Mimi sijawahi kuchanganya asali hata na tone la maji. Leo nyumba yako inanitukana."

Baba alijaa aibu. Akamgeukia Odeta. "Humu ndani nani mwingine anajua mambo ya simu?"

"Baba, si mimi."

"Nyamaza. Jumamosi jumuiya yetu ya kanisa inasali hapa kwetu. Utapiga magoti mbele ya watu wote, umwombe mzee msamaha."

Haya, tazama mambo hayo. Mama akitaka kutuma picha za maharage, Odeta ni binti mwerevu. Kitu kikiharibika, Odeta ni mkosaji. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi wala kwa nini amtukane mzee aliyemlea kama mjukuu. Odeta hakulia. Alikasirika hadi ugali ukamkataa.

Ijumaa Josephina alitembea kimya njia nzima. "Pole," alisema tu, macho chini. Odeta akadhani anaona aibu kwa ugomvi wa wazee.

Jumamosi asubuhi Odeta alitumwa kufuta vumbi sebuleni kabla watu hawajafika. Alipofika kwenye ruta, ambayo Baba aliizima tangu Alhamisi, akakisoma kibandiko chote, kwa mara ya kwanza. Juu palikuwa na neno la siri la kujiunga, lile ambalo wageni wote walilijua. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na namba ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe, na jina na nywila ya msimamizi wake: admin, na tena admin. Kumbe yeyote aliyewahi kuketi kwenye viti vile angeweza kuifanya kazi ile.

Alasiri jumuiya ilisali. Sala zilipokwisha, Baba akaita, "Odeta, njoo."

Akaja, lakini hakupiga magoti. "Baba, nikionekana nina kosa nitapiga. Kwanza namwomba mzee atoe simu yake."

Watu wakanong'ona. "Mwacheni aseme," alisema Mama.

Odeta akaiwasha ruta. Mzee Nkwabi akajiunga kwa neno la juu, kisha akaandika ile namba ya chini. Ukurasa ukafunguka, ukamtaka jina na nywila.

"Andika admin, kote kuwili," Odeta alimwambia.

Akaandika. Pakafunguka. Mzee akashangaa. "Mbona mimi sijui mambo haya?"

"Huhitaji kujua, mzee. Unasoma ukutani tu. Sasa lifute hilo jina baya."

Akalifuta, lakini kidole kikatangatanga kikitafuta pa kuhifadhi.

"Si hapo, mjomba," alisema Josephina, aliyekaa mkekani karibu na mlango. "Kile kitufe cha bluu, chini kabisa. Halafu itajizima na kuwaka."

Kutoka pale mkekani Josephina asingeweza kuuona ukurasa ule. Sebule nzima ikamgeukia.

"Wewe umejuaje?" mzee aliuliza.

Josephina akaangua kilio, akaeleza yote. Mjomba alikuwa amemgombeza mbele ya wateja kwa kuchovya kidole kwenye ndoo ya asali, ndipo yeye akaja kwa kina Odeta na simu ya mjomba huyohuyo, akasoma ukutani, akaandika. Alitaka kufuta, lakini aliposikia kelele akaogopa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona mama mmoja.

"Ulijua nimeamriwa kupiga magoti," Odeta alimwambia rafiki yake. "Ukanyamaza."

Mzee Nkwabi alitazama simu yake kwa aibu. "Nisamehe, binti. Nami mrina asali nilipaswa kujua. Huko Ugalla, mzinga usio na alama ya mwenyewe haukosi wa kuurina."

Ndipo Baba akasimama. "Mliambiwa mtasikia msamaha leo, na mtausikia. Odeta mwanangu, nisamehe. Fundi aliniambia nibadilishe siku ileile, nikaona ni kazi ya kesho. Mgeni apewe maji, lakini ufunguo wa nyumba haubandikwi ukutani. Mimi niliacha mlango wazi, kisha nikamkamata mtoto aliyekuwa karibu. Nyie nyote mlio na kisanduku kama hiki, nendeni mkabadilishe leo."

Odeta akaweka nywila mbili mpya, ndefu, zisizofanana, moja ya kujiunga na moja ya msimamizi. Baba akakigeuza kibandiko kikatazama ukuta.

Jumatatu Odeta na Josephina waliongozana tena kwenda shule. Kiazi kiligawanywa kama kawaida, ila safari hii Odeta alikipima.