Landilodi Aliyengoja Mvua

Sikilizeni, watu wa Nakuru, na msizibe pua kabla sijamaliza.

Mtaani kwetu, chini ya mlima Menengai, asubuhi zilikuwa tulivu. Hewa safi, watoto wanacheza nje, ziwa linaonekana kule chini. Ndiyo maana Daktari Ilwad, bingwa wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, aliyesomea Uturuki, alikataa kazi za Nairobi na Dubai, akahamia hapa na mumewe Hanif na mtoto wao. "Huku mtoto wangu anapumua," alimwambia jirani yake Cheruto. Cheruto alifurahi mno. Alikuwa na mimba changa, na kabla yake alikuwa amezika njiti wawili. Sasa bingwa mwenyewe anaishi upande wa pili wa ua!

Lakini Jonah, mume wa Cheruto, ni landilodi, mwenye nyumba za kupangisha. Na nyinyi malandilodi mnajijua. Shimo la choo likijaa hamwiti lori la kunyonya. Mnangoja mawingu. Mvua ikipiga mabati mnafungua kifuniko, mnaachilia uchafu wa ploti nzima, eti mvua itabeba. Itabeba ipeleke wapi? Si kwa jirani!

Alasiri moja mvua ilishuka, na Jonah akavaa gambuti miguuni. Cheruto alimfuata mlangoni.

"Jonah, hapana. Hiyo maji inaingia kwa Daktari."

"Mtaro ni wa kaunti," akajibu. "Na kila mtu hufanya hivyo."

Akatoka, akafungua kifuniko. Mavi yakaelea uani kwa Daktari, yakaingia hadi jikoni. Ptu! Mnakunja uso? Kama mliweza kuyamwaga, mtaweza kuyasikia. Cheruto alitapika, na safari hii haikuwa mimba. Haukupita muda, mtoto wa Daktari akalazwa na homa ya matumbo.

Hanif alikuja kwa upole. "Boss, tafadhali, ita lori."

Jonah akacheka. "Nyinyi wageni mnapenda raha sana. Kama Nakuru inanuka, Dubai si iko?"

Daktari hakugombana na mtu. Alifunga mizigo, akamkumbatia Cheruto. "Dada, nawapenda. Lakini siwezi kutibu watoto wa watu na wangu anakunywa mavi." Wakahamia Kigali.

Kisha uchungu ukamshika Cheruto mapema. Mtoto alizaliwa mdogo, akipumua kwa shida. Nesi alitazama chini. "Bingwa tuliyekuwa naye alihama. Itabidi mpelekwe Nairobi."

Ndani ya ambulensi Jonah alimpigia Daktari simu, akilia. "Daktari, aki, rudi!"

"Jonah, niko Kigali," Ilwad akajibu. "Mtoto akae kifuani kwa mamake, apate joto. Kimbieni."

Walikimbia. Karibu na Gilgil mtoto akakata roho.

Jonah alinyoosha mkono amshike mkewe. Cheruto akausukuma kwa kinyaa.

"Usiniguse na huo mkono. Ndio ulifungua shimo."

FUNZO

Mtaalamu hafungwi kamba. Kisomo chake kinatakiwa kila mji, naye huchagua pale familia yake itaishi kama watu. Acheni kulalamika kwamba hatuletewi madaktari, na huku mnawafukuza kwa vinyesi vyenu. Aibu! Iteni lori. Mtaro wa kaunti unapita mlangoni kwa mtu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Jonah alimtanguliza mwanawe.