Rangi ya Keith

Haya yalimkuta Norris, jirani yangu hapa Derby, na mlango aliokuja kuugonga ni wangu.

Yeye na rafiki yake Keith waliiunda ile gari yao ya michezo kwa miaka, gerejini kwa Norris, boliti kwa boliti. Aliyekaza boliti aliitia tone la rangi yake, Norris njano, Keith nyekundu, na ya mwenzako huigusi. Keith alipokuwa anakata roho alimshika Norris mkono. "Wewe endesha bila wasiwasi, kaka. Mimi nipo."

Wiki ya mazishi, jioni ya baridi, Norris akatoka nayo kwenda kununua maziwa. Katikati ya msitu usukani ukamlegea mikononi. Akasimama, akazima injini. Gizani, chini ya miguu yake, akasikia krrr... krrr... spana ikizungushwa na mtu asiye na haraka.

"Keith?"

Spana ikanyamaza.

Akainama na tochi. Boliti za usukani, alizozikaza yeye mwenyewe na kuzitia njano, zote zilikuwa zimelegezwa.

"Keith huyuhuyu, jamani! Niliyemlilia!" aliniambia mlangoni, gari ameiacha kulekule msituni, akininyooshea kidole alichozigusia zile boliti.

Kilikuwa chekundu, na rangi ilikuwa bado mbichi.