Ngoma ya Shaba ya Mzee Mboje

Kila Jumamosi Milembe akimaliza kuchota maji na kuosha vyombo, mbio mpaka kanisani, mazoezi ya bendi! Bendi yao hapo Bariadi ilikuwa na ngoma ndogo mbili, zile zenye nyaya upande wa chini, zikipigwa zinalia krrr! Milembe alipiga ile mpya ya wanafunzi: bati jembamba, skrubu sita, nyepesi kama sufuria tupu. Nyingine ilikuwa kuukuu, ya mzee Mboje, fundi wa kupiga: shaba tupu, skrubu kumi, nzito hatari! Ya wanafunzi ina kelele tu. Ile ya shaba, hata ukiigusa polepole, kila pigo linasikika.

Jumamosi moja hapakuwa na mazoezi. Mzee Mboje alikuwa anazikwa, na mjukuu wake Josia ndiye angepiga ngoma yake.

Josia alifungua stoo mapema, akarudi kwa ndugu zake msibani. Milembe akaingia, akaijaribu ile ya shaba. Du! Imelegea. Nyumbani kwao ngoma ikilegea, babu yake huipasha moto, ngozi inakaza. Basi naye akaipeleka kwenye jiko la kanisa, akaielekeza kwenye makaa. Weee! Ngozi yenyewe haikuwa ya ng'ombe, ilikuwa plastiki. Ikajikunja, ikapasuka pwaa!

Akairudisha stoo. Akaenda kupanga mstari na wenzake.

Mwalimu Apolonia, kiongozi wa bendi, alipoiona akaita bendi nzima. "Nani kafanya hivi?"

"Si Josia ndiye mwenye ufunguo?" Shigela wa tarumbeta akadakia. "Ya babu yake mwenyewe imemshinda!"

"Mwalimu, sijaigusa! Haki ya Mungu!" Josia akajitetea.

"Vua sare, Josia. Leo hupigi."

Josia akaanza kufungua vifungo. Nje, jeneza lilikuwa linashushwa kutoka kwenye gari. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Milembe akatoka mbele.

"Mwalimu, ni mimi! Niliipasha moto, kama babu anavyofanya. Nikaogopa kusema."

"Na ulikuwa unamtazama mwenzio anavua sare?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Apolonia akavuta ngoma ya wanafunzi, akaivua ngozi yake, akaivisha ile ya shaba, maana upana ni mmoja. Akakaza skrubu kwa kupishana, akigonga na kusikiliza. Ikalia kavu, safi kabisa.

Josia akafunga vifungo, akaibeba. Hakumtazama Milembe hata kidogo. Akapiga polepole mpaka kaburini, machozi yakidondokea ngozi. Milembe alifuata nyuma mikono mitupu.

Walipotoka makaburini, Apolonia akamsimamisha.

"Mwanangu, kutojua si kosa kubwa. Ngozi ya ngoma inauzwa, tutanunua. Lakini ungenyamaza saa moja tu, Josia angekosa kumzika babu yake kwa ngoma yake, na hilo hakuna duka linaloliuza. Ukiharibu, sema wewe, kabla hajaumia mwingine. Haya, nenda kamwombe radhi. Asipokujibu, usikasirike."

Milembe akaenda, akamwomba radhi. Josia akageuka, akaondoka na ngoma ya babu yake.