Geti la Kichochoro cha Tuliza

Ukumbi wa mtaa wa Tuliza ulijaa pomoni Jumamosi hiyo. Watu wa magorofani walikaa kushoto, wenye nyumba wa Tuliza wakakaa kulia, na waliochelewa wakabanana madirishani wakijipepea kwa chochote walichoshika. Kamati ya wadi ilikuja kusikiliza maoni kuhusu kichochoro kilichotoka stendi ya Barabara ya Jogoo, kikapita kati ya kuta za magodauni na kutokea Tuliza. Wenye nyumba walitaka kiwekewe geti. Watu wa magorofani, ambao hupitia hapo kisha wakakata mtaa hadi kwao, walisema hiyo ni njia ya umma na haki ya kupita haifungwi kwa kufuli.

Nerima aliingia akihema. Alikuwa amevaa sketi ya kijani iliyomkaa vizuri na blauzi nyeupe, rasta zake ndogo zimefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Aliona kiti kimoja tu, upande wa kulia, akakikalia bila kuangalia.

"Samahani, dada," sauti ya mwanamume ilisema juu ya kichwa chake. "Umekalia koti langu."

Nerima aliinua macho. Kijana mrefu, ndevu zimechongwa, shati la samawati limekunjwa mikono.

"Koti lako limekuja kutoa maoni?"

"Hapana. Lilikuwa linanishikia kiti."

"Basi limeshindwa kazi."

Kijana akacheka kwa sauti, mzee wa mbele akageuka na kuwakazia macho. Huyo alikuwa Mzee Naftaly, mwenyekiti wa wenye nyumba. Kijana akasimama kando ya kiti kikao kizima, na kila msemaji alipochosha aliinama kumnong'oneza Nerima jambo la kumchekesha. Jina lake lilikuwa Gitonga. Alifundisha watu kuendesha gari, na aliishi na mama yake Tuliza, nyumba ya kwanza ukitoka kichochoroni. Nerima alifanya kazi katika duka la miwani mjini na alikaa magorofani na dada yake, Nasambu.

Kamati haikuamua lolote siku hiyo. Gitonga aliamua.

"Nipe namba yako," alisema wakitoka. "Koti linataka kukuomba msamaha."

Walianza kuonana Jumapili, kwenye bustani ndogo ya mtaa. Ubao wa bustani ulikataza kukanyaga nyasi, kulala kwenye viti na watu wazima kupanda bembea. Gitonga alimpandisha Nerima bembea, askari wa bustani akawapigia kipenga, wakakimbia wameshikana mikono, Nerima akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Wewe utanitia ndani siku moja," alimwambia.

"Nitakuja tufungwe pamoja, mrembo."

Lakini Jumapili moja Nerima hakucheka. Alikaa na mikono katikati ya magoti, amefunga kitambaa shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Kuna nini, mpenzi?"

Nerima alifungua kitambaa. Chini ya sikio palikuwa na mchubuko mwembamba, kama mstari uliochorwa kwa kalamu nyekundu.

"Kichochoroni," alisema. "Juzi nikitoka kazini. Walikuwa wawili. Mmoja alinishika nywele, mwingine akaniwekea kisu hapa. Walichukua simu na mkoba. Gitonga, alikuwa ananuka sabuni. Alikuwa ametoka kuoga, halafu akaja kuniwekea kisu. Sijui kwa nini hilo ndilo linalonitisha zaidi."

Gitonga aliushika mkono wake.

"Usimwambie mtu," Nerima akasema. "Hata Nasambu nilimwambia nimeibiwa ndani ya basi. Niahidi."

"Nakuahidi."

Tangu siku hiyo Gitonga hakulala vizuri. Kila jioni alisimama dirishani akitazama mdomo wa kichochoro, na kila kivuli kilichotoka humo kilimfanya ashike simu yake, namba mpya ya Nerima ikiwa tayari. Basi kamati iliporudi ukumbini, na wenye nyumba na watu wa magorofani wakaanza kurushiana maneno, alisimama kabla hajajua atasema nini.

"Kuna msichana ninayempenda," alisema. "Anakaa magorofani. Aliwekewa kisu shingoni ndani ya kichochoro hicho. Nyinyi mnasema haki ya kupita. Mimi nasema, akifa humo, hiyo haki nitaizika wapi? Fungeni!"

Upande wa kulia ulilipuka kwa makofi. Upande wa kushoto, vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kumtazama Nerima, kwa maana hakuna asiyejua Gitonga anampenda nani. Nasambu alimtazama mdogo wake kwa mdomo wazi.

Kamati ikaamua: geti liwekwe kwa majaribio, upande wa Tuliza, na lifungwe kila siku giza likiingia.

Gitonga alimkuta Nerima nje, karibu na mfereji wa maji.

"Umewaambia."

"Sikutaja jina."

"Ulihitaji kulitaja?"

"Nerima, nilikuwa nakulinda."

"Ungetaka kunilinda ungeniuliza! Sasa nikitoka kazini nitapitia wapi? Kule mtaroni, ambako hata mbwa hapiti?"

"Nitakungoja stendi kila jioni. Nitakuleta kwa gari."

"Na Nasambu? Na wale mama wanaotoka sokoni? Na wao una gari lao?" Sauti yake ilikatika. "Mama yako alipiga makofi, Gitonga. Nilimwona. Alipiga makofi kwa sababu watu kama mimi hawatapita tena mlangoni kwake."

"Mama haku..."

"Usinipigie simu."

Alipiga. Alipiga asubuhi, alipiga wakati wa chakula cha mchana, alituma ujumbe ambao Nerima aliusoma na kuuacha. Nasambu alimwambia, "Mshikie tu simu, mtoto wa watu atakufa." Nerima akazima taa na kugeukia ukutani.

Geti likasimamishwa, la chuma cheusi, refu, lenye miiba juu. Mutisya, mlinzi wa mtaa, akakabidhiwa ufunguo. Watu wa magorofani wakaanza kuzunguka mtaroni.

Ikaja mvua. Ilianza mchana na haikutulia, na Nerima aliposhuka stendi jioni, maji yalikuwa yamefunika kivuko cha mtaro. Watu walisimama pale wakiyatazama yakipita na vigogo na makopo.

"Pitia kichochoroni, mami," mwanamke mmoja alimwambia. "Giza bado. Hawajafunga."

Nerima alisimama mdomoni mwa kichochoro. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ile. Miguu yake ilikataa, kisha ikakubali. Alikuwa na koti jeusi la mvua na viatu vya mpira. Kila hatua ilifanya sauti ya kunyonya matopeni. Katikati ya kichochoro kuna kona. Alipoipita tu aliliona geti mbele yake.

Lilikuwa limefungwa. Mawingu yalikuwa yameleta giza mapema, na Mutisya, akifuata amri ya giza, alikuwa amefunga kufuli na kwenda kujikinga mvua.

Nerima alishika vyuma na kuvitikisa. Aliita. Mvua ikameza sauti yake. Akageuka kurudi, na hapo akawaona. Wawili, wamevaa kofia za majaketi, wamesimama kwenye kona. Hawakuwa na haraka.

Kidole chake kilibonyeza jina la Gitonga kwenye simu bila yeye kuamua.

"Nerima? Nerima, asante kwa ku..."

"Geti limefungwa."

"Uko wapi?"

"Niko ndani. Kuna watu nyuma yangu. Wamesimama. Hawasemi kitu, Gitonga, wananiangalia tu."

"Nakuja. Usikate simu. Nakuja, nakuja!"

Gitonga alitoka bila viatu. Mama yake, Teresiah, alimwona akipita sebuleni kama mtu anayefukuzwa, akamfuata mlangoni akiita jina lake. Gitonga aliruka ngazi, akateleza, akainuka. Alimwona Nerima akiwa amebana uso kati ya vyuma, rasta zimemlowa, macho yamemtoka.

"Mutisya!" alipaza sauti. "Mutisya! Ufunguo!"

Hakuna aliyejibu. Aliparamia geti; viganja vikateleza kwenye chuma kilicholowa, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Wale wawili wakaanza kutembea.

"Nishike," Nerima alisema. "Gitonga, nishike mkono."

Akapitisha mkono kati ya vyuma, akamshika kiwiko kwa nguvu zake zote. Zaidi ya hapo hakuweza. Mtu mzima, mwenye nguvu, amesimama pua kwa pua na mwanamke anayempenda, asiweze kujiweka mbele yake.

"Wezi!" alipiga kelele. "Tuliza! Tokeni! Wezi!"

Mmoja alishika mkoba, mwingine akamshika Nerima kiunoni na kumvuta. Gitonga hakuachia. Bega lake lilibamizwa kwenye chuma, akahisi baridi ya kisu ikipita mgongoni mwa kiganja chake, kisha moto. Hakuachia. Nerima alipiga teke nyuma, akalia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Ndipo milango ya Tuliza ilipoanza kufunguka. Teresiah alifika wa kwanza, tochi mkononi, akimulika nyuso za wale watu na kupiga yowe lililotoboa mvua. Nyuma yake watu walikuja wakigonga sufuria na mabati. Wale wawili wakaachia, wakarudi mbio walikotoka na mkoba.

Ufunguo haukuwepo bado. Watu walikimbia huku na huku kumtafuta Mutisya, na Nerima alibaki upande ule, ameketi matopeni, mkono wa Gitonga bado umeshika wake. Damu ilikuwa ikishuka na maji ya mvua hadi ndani ya mkono wa koti la Nerima.

"Umeumia," Nerima alisema, meno yakigongana.

"Wewe je?"

"Sijui. Usiniachie."

"Siachii."

"Niliogopa usingeshika simu."

"Mimi?" Gitonga alilia waziwazi, bila kujali majirani. "Nerima, hili geti ni mimi niliyeliomba. Kwa mdomo wangu. Niliogopa nikukose, nikaenda nikakujengea mtego."

Nerima hakumwambia kwamba si kosa lake. Aliegemeza paji la uso kwenye chuma, na Gitonga akaegemeza lake upande wa pili.

Teresiah alichutama kando yao. Alivua shali yake, akaipitisha kati ya vyuma na kumfunika msichana mabega, kisha akachana kitambaa chake cha kichwa na kufunga mkono wa mwanawe.

"Mwanangu," alimwambia Nerima, "nilipiga makofi siku ile. Nilifurahi. Nisamehe."

"Nasikia baridi, mama," Nerima alijibu, na hilo ndilo aliloweza kusema.

Kamati ilipokaa tena, Gitonga alifika na bandeji mkononi. Kabla ya kikao aliuliza, "Unataka niseme?"

"Hapana," Nerima alisema. "Leo nasema mimi."

Alivaa gauni la kitenge chenye maua mekundu, shingo wazi, bila kitambaa. Alishika kiti cha mbele.

"Mara ya mwisho mlisikia habari yangu nikiwa nimekaa," alisema. "Ninakiogopa kile kichochoro. Usiku nakiota. Lakini siku ya kwanza walinikamata nikawa na mahali pa kukimbilia. Siku ya pili nilikimbia nikakuta chuma. Wale watu walijua kuna geti. Walikuwa wanangoja lifungwe."

"Sasa unataka tuwafungulie wezi?" Mzee Naftaly aliuliza.

"Nataka taa, mzee wangu. Na mlinzi asimame njiani, asikae na ufunguo. Kama ni binti yako yuko ndani, ungetaka akute nini mwisho wa njia?"

Teresiah akasimama upande wa kulia, peke yake. "Mimi nakaa nyumba ya kwanza," alisema. "Naomba liondolewe." Wengine walinung'unika. Wengine wakasimama naye.

Haikuwa rahisi. Kamati ilibishana, ikatoka nje kushauriana, na iliporudi ikatangaza kwamba kichochoro ni njia ya umma na kitabaki wazi; geti ling'olewe, taa ziwekwe hadi stendi, na mlinzi awe wa pande zote mbili.

Jioni taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza, simu ya Gitonga iliita.

"Niko stendi," Nerima alisema. "Nataka kupita peke yangu."

"Nije nikupokee?"

"Simama hapo kwenu. Niongeleshe tu."

Alimsikia akihema, akasikia viatu vyake vikigonga.

"Unaona nini?"

"Ukuta. Taa. Paka. Gitonga, kuna mtu nyuma yangu."

Gitonga akashuka ngazi. "Geuka umwangalie. Nakuja."

"Ngoja... Ni mama mmoja na kabeji zake. Ananiambia niende haraka, nimemzibia njia." Nerima alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nimechoka kuogopa."

"Hata mimi naogopa. Kila ukichelewa naogopa. Sijui kama itaisha. Nerima, nataka kukuoa."

Viatu vikaacha kugonga.

"Unaniuliza nikiwa hapa?"

"Nilikuwa nimepanga hoteli na maua. Yametoka tu."

Gitonga alisikia hatua zikianza tena, kwa kasi, kisha akamwona akitokea kwenye kona chini ya taa, sketi yake ya kijani, simu sikioni, mashavu yamelowa. Alitembea hadi akasimama mbele yake, akashusha simu.

"Utaniuliza kwanza kabla ya kuniamulia jambo lolote?"

"Nitakuuliza."

"Hata ukiogopa?"

"Hasa nikiogopa."

Nerima alimshika mkono wenye kovu, akautazama kitambo. Mama wa kabeji akawapita akiguna.

"Basi nioe," alisema. "Lakini twende kwanza kwa Nasambu. Huyo ndiye wa kuogopwa."