Kaku Tshibola na Mtihani wa Redio

Kila siku Ange alipotoka shule alipita kwanza kwenye soko la Kasuku, mjini Kindu, kumsaidia bibi yake kubeba karai. Bibi aliuza mikate ya kukaanga, ile midogo ya mviringo ambayo waendesha pikipiki huila wakiwa bado wamekaa juu ya pikipiki zao, na saa ya watoto kutoka shule karai lilikuwa limebaki na mafuta tu. Ange alijitwika karai, bibi akabeba kigoda, wakashika njia ya nyumbani. Alimwita Kaku, kama Waluba wa Kasai wanavyowaita bibi zao, ingawa yeye alizaliwa Kindu na Kasai aliijua kwa kusimuliwa. Babu yake ndiye aliyeletwa huku na kazi ya reli, na akazikwa hukuhuku.

Njiani Ange hakukosa kutembea upande wa kulia wa Kaku. Sikio la kushoto la Kaku lilikufa wakati wa vita, siku bomu lilipoanguka karibu na stesheni. La kulia lilikuwa zima, au ndivyo Kaku alivyosema.

Nyumbani kulikuwa na sombe, yaani majani ya muhogo, ya kutwanga, maji ya kuchota na moto wa kuwasha. Baada ya hapo ilifuata kazi ambayo jirani yeyote angeishangaa. Kaku alikaa mkekani na kibao cha kuandikia, akageukia ukuta. Ange alikaa nyuma ya pazia la mlango na kusoma maneno kwa sauti, polepole, mara moja tu, huku akitikisa mpunga ndani ya ungo. Mlio wa mpunga ulifanana na mkwaruzo wa redio, na watu wanaojifunza kusikiliza redio katika nyumba isiyo na redio hawana budi kutumia ungo.

"Haya, nimekaa," Kaku aliita.

"Kituo cha Tunda. Watu watano wamefika. Mvua ni kubwa."

Chaki ilikwaruza kibaoni. Kaku alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa leseni ya redio, ile inayomruhusu raia wa kawaida kuzungumza hewani na wenzake wa mbali, si kwa biashara wala mshahara, kwa kupenda tu. Mwalimu Jérémie wa shule ya ufundi alikuwa na chombo chake cha redio, na aliwafundisha vijana waliotaka leseni hiyo. Siku Kaku alipokwenda kumuuliza kama bibi kizee naye anaweza kujaribu, Mwalimu alimvutia kiti.

Habari ilifika shuleni upesi.

"Wewe Ange," Rémy alimwambia wakati wa mapumziko, "ni kweli bibi yako anasomea redio? Mama anasema anataka kuzungumza na wafu."

"Na mama yako anasomea nini?"

"Mama yangu iko na simu. Anapiga, mtu anajibu. Mwambie bibi yako anunue simu, aache kuhangaika."

Wenzake walicheka, na Ange akacheka nao ili asionekane ameumia. Lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani, na jioni, wakichambua sombe, aliyatoa.

"Kaku, kwa nini usimpigie simu tu huyo mtu unayetaka kuzungumza naye?"

"Namba gani, mama?" Kaku alijibu. Alimwita mjukuu wake mama kila alipokuwa na huzuni.

Kisha akasimulia, mikono ikiendelea na kazi. Wakati wa vita barabara zilikatika na treni zilisimama. Mtu aliyetaka kujua kama ndugu yake wa mji wa mbali, kama Kampene, yu hai alikwenda kwenye foni, redio kubwa iliyofungwa katika chumba nyuma ya kanisa. Kaku ndiye aliyekuwa opereta wake. Kila asubuhi aliita, na huko Kampene alijibu mwanamume mmoja aitwaye Donatien. Miaka ya vita yote walipeana habari za watu: huyu amejifungua, yule amekimbilia msituni, fulani asisubiriwe tena. Hawakuonana hata siku moja. Kaku alijua kikohozi chake na alijua kwamba ana jogoo asiyejua adabu, anayewika katikati ya ujumbe.

"Asubuhi moja niliita Kampene, Kampene haikujibu," Kaku alisema. "Waliokimbilia huku walisema kibanda cha foni kimechomwa. Wengine walisema Donatien aliuawa, wengine walisema alikimbia. Nikiwauliza nani alimwona, kila mmoja alisema aliambiwa. Vita ikaisha, simu zikaja, foni zikafa. Nimeulizia kwa kila mfanyabiashara anayetoka Kampene. Hakuna anayejua."

"Na ukipata leseni?"

"Nitamwita. Kama yu hai, hawezi kuishi mbali na redio. Na kama hayupo..." Alichukua kisu akaendelea na majani.

Tangu jioni hiyo Ange alisoma kwa bidii zaidi. Na tangu jioni hiyo aliogopa zaidi, kwa sababu alikuwa ameanza kuona jambo. Alisoma "watano", Kaku akaandika "watatu". Alisoma "Jumamosi", ikaandikwa "Jumanne". Mara ya kwanza alimwambia kweli: "Kaku, umekosea karibu yote." Kaku alikitazama kibao, akakiweka chini, akaenda kulala akiwa ameelekea ukuta, na bugali ikapoa bila kuguswa.

Jioni iliyofuata, Kaku alipouliza "Iko namna gani?", Ange alikipokea kibao. Kilisema watatu. Yeye alikuwa amesoma watano.

"Ni sawa yote, Kaku," alisema, na kwa haraka akakifuta kwa kiganja.

Uso wa Kaku uling'aa, naye Ange hakuweza tena kuuzima. Kila jioni alisema ni sawa. Alijiambia kwamba mtihani ungekuwa rahisi kuliko ungo, kwamba redio ya kweli husikika vizuri zaidi. Alijua anajidanganya, lakini usiku alilala, na Kaku alikula.

Mtahini alifika kwa ndege, mama mmoja kutoka Kinshasa ambaye kila mtu alimwita Madame Françoise. Mtihani ulifanyika katika shule ya ufundi. Watahiniwa wengine walikuwa vijana watupu. "Mama, mjukuu wako ni nani kati yetu?" mmoja aliuliza, na Kaku akamjibu, "Nikikuona umefaulu nitasema ni wewe." Wakacheka wote.

Maswali ya maandishi Kaku aliyajibu vizuri. Ilipofika sehemu ya kusikiliza, Ange alisimama nje dirishani. Madame Françoise alieleza masharti: atakayekosa kusikia ainue mkono, ujumbe utarudiwa bila kupunguziwa alama. Vijana waliinua mikono mara kwa mara. Kaku hakuinua wake hata mara moja. Aliandika kwa utulivu, kama mtu aliyekwishazoea.

Ange alitaka kupiga kelele pale dirishani: inua mkono, Kaku. Lakini hakuita.

Kaku alishindwa mtihani. Madame Françoise alimwonyesha karatasi kwa upole. "Mama Tshibola, kwa nini hukuomba kurudiwa?"

"Nilisikia, Madame."

"Hapa nilisema watano."

Kaku aliinamia karatasi. "Nyumbani sikuwa nikikosea," alisema. Aliuliza mtihani mwingine ni lini. Madame alisema labda mwaka ujao, ndege ikiwapo na watahiniwa wakitosha.

Walirudi kwa miguu. Waendesha pikipiki waliwaita, Kaku hakugeuka. Uwanjani kwao alikaa juu ya kigoda na kutazama miguu yake. Ange alipiga magoti mbele yake, upande wa kulia.

"Kaku, nilikudanganya. Ulikuwa ukikosea kila siku. Mimi nikasema ni sawa."

Mahali fulani jirani alikuwa akitwanga, na Ange alingoja mpaka kinu kikanyamaza.

"Kwa nini?"

"Ile siku hukula. Nilikuonea huruma."

"Njo hivyo," Kaku alisema polepole. Hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma Ange zaidi. "Sikiliza. Katika foni kulikuwa na kijana aliyenipokea zamu za jioni, moyo wake laini kama wako. Mwanamke mmoja alikuja kuuliza habari za mume wake. Redio ilikwaruza, kijana hakusikia jibu, naye akaona aibu kumwambia mama yule anayelia kwamba hakusikia. Akamwambia mume wako anakungoja. Mama yule akafunga mzigo wake, akashika njia ya Kampene kwa miguu, katikati ya askari. Hatukumwona tena, na mume wake hakuwa huko."

Ange aliinamisha kichwa.

"Donatien hakuwa hivyo. Aliweza kusema sikusikia, rudia, hata mara kumi kwa neno moja, mpaka mimi nakasirika. Lakini alichokisema amekisikia, ungeweza kukitegemea kwa roho yako. Uziwi wangu haukunishinda leo, mama. Ningeomba, ujumbe ungerudiwa. Kilichonishinda ni kutojua kwamba sisikii. Ukinificha kosa langu kwa huruma, mtu ataniita hewani na mimi nitampita bila kujua kwamba sikumsikia."

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Ange aliutikisa ungo na kusema kweli, na kweli haikuwa tamu. "Hapana, Kaku." "Hapana tena." Jioni nyingine chaki ilirushwa ukutani. Jioni nyingine Kaku alienda kulala bila kula, na Ange akakaa na chungu cha bugali akilia kimya, lakini kesho yake hakubadilisha jibu. Taratibu Kaku alijua ni sauti zipi zinazomponyoka. Alijifunza kusimama pale aliposhuku na kusema, "Sikusikia, rudia." Sikio lake la kulia nalo lilizidi kuchoka. Mwalimu Jérémie hakumficha: "Mama Tshibola, hata ukifaulu, sidhani kama huyo mtu atajibu. Miaka imekuwa mingi."

"Nami sidhani," Kaku alimjibu. "Nataka niwe nimemwita."

Madame Françoise alirudi mvua zilipopungua. Safari hii Kaku aliinua mkono tangu ujumbe wa kwanza, akauinua tena, na tena, hata vijana wakaanza kuguna.

"Mama, umeomba kurudiwa karibu kila ujumbe," Madame alisema mwishoni.

"Karibu kila ujumbe sikuusikia, Madame."

Mtahini alitabasamu kidogo na kurudi kwenye karatasi. Yote yaliyoandikwa yalikuwa sahihi. Leseni ilikuja baadaye kutoka Kinshasa, ikiwa na jina la hewani la Kaku, herufi na tarakimu chache zilizokuwa zake peke yake. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki ili mafuta ya mikate yasiiguse.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Jérémie aliunganisha chombo chake na betri ya gari. Kaku aliketi, akafunga kitambaa chake upya kama mtu anayekwenda kumwona mgeni, akabonyeza kitufe. Alisema jina lake la hewani, akasema yuko Kindu, akasema anamtafuta Donatien, opereta wa zamani wa Kampene. Kisha akaachia kitufe.

Redio ilivuma. Kaku aliita tena. Safari hii mtu alijibu, mwanamume wa Lubumbashi, sauti yake ikipanda na kushuka. Kaku alimwomba arudie mpaka akampata vizuri. Alisema anaisikia Kindu, anamkaribisha mama hewani, ila huyo Donatien hamjui. Wakati wa vita yeye alikuwa mtoto mchanga. Kaku alimshukuru kwa heshima, wakaagana.

Aliita tena mara nyingi. Betri ilianza kuchoka na Mwalimu Jérémie akatazama nje. Kaku akamgeukia mjukuu wake.

"Wewe masikio yako ni mazuri. Njoo usikilize. Kuna mtu?"

Ange aliinama karibu na spika na kuzuia pumzi. Ndani ya ule mvumo mtu mwenye kutamani angeweza kusikia chochote: kikohozi, jogoo, jina. Aliyaona macho ya bibi yake yakimngoja, na moyo ukamvuta kusema labda. Alisikiliza mpaka alipokuwa na hakika.

"Hapana, Kaku. Hakuna mtu."

Machozi yalimtoka Kaku, akayaacha yatiririke. Alinyoosha mkono na kuzima chombo mwenyewe, ili betri ya Mwalimu isiishe bure.

"Asante, mama," alisema. "Sasa nimejua. Wengi wamenipa habari za Donatien kwa miaka yote hii, kila mmoja na yake ya kunifariji au ya kunitisha. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ulichosikia tu. Ukiwa mkubwa, watu watakuuliza mambo, na utawaona usoni wanataka jibu gani. Wapende, lakini waambie ulichosikia. Anayejua ukweli anaweza kulia, akamaliza, akaenda sokoni."

Akasimama, akamshika Ange mkono, wakaenda kukanda unga.