Shimo Chini ya Mama Mzigo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidole alikanda udongo kwa miguu. Alikunja sketi, akapanda juu ya gunia lililotandazwa uani, akakanyaga kwa kisigino huku akizunguka, mpaka bibi yake aseme, "Basi, umelainika." Kazi hiyo ilimwachia wekundu katikati ya vidole vya miguu ambao hata sabuni ya kufulia ilishindwa kuuondoa. Darasani walimcheka kwa ajili yake.

Jina la Kidole alipewa nyumbani. Alipokuwa mdogo, hakuna chungu kibichi kilichopita mbele yake bila kukibonyeza kwa kidole. Bibi hakuvivunja vyungu hivyo. Alivichoma na vishimo vyake, na mnunuzi akiuliza, alimjibu, "Hiyo ni sahihi ya fundi mdogo."

Bibi ndiye mfinyanzi pekee aliyebaki kijijini. Udongo wake ulitoka makorongoni, mwendo wa saa moja kwa miguu. Huko mvua imeila ardhi tangu enzi za mababu wa mababu, ikaacha kuta nyekundu zenye mistari myeupe, na nguzo za udongo zilizosimama peke yake, baadhi zikiwa na jiwe kichwani. Kubwa kuliko zote iliitwa Mama Mzigo. Ilikuwa na kiuno chembamba na jiwe bapa juu, kama mwanamke aliyejitwika mzigo. Watu walitoka mbali kuja kuitazama.

Mlinzi wa makorongo alikataza kila mtu kuchimba, isipokuwa Bibi. Alimruhusu kwa sababu ya mwiko ambao Bibi alirithi kwa mama yake: mfinyanzi hachukui udongo uliosimama. Huchota ule ulioshushwa na mvua tu, kule chini kwenye mdomo wa korongo.

"Uliosimama una kazi yake," Bibi alikuwa akisema. "Ulioanguka ndio wetu."

Alhamisi moja mwalimu wa jiografia aliwapeleka wanafunzi wake makorongoni. Kwa mara ya kwanza Kidole alitembea mbele ya wenzake, kifua mbele. Huko ndiko kwao! Mfukoni alikuwa na kipande cha kibuyu ambacho Bibi alilainishia vyungu. Alikichukua bila kuomba, ili awaonyeshe wenzake kazi ya ufinyanzi. Kilikuwa kimelika upande mmoja kwa miaka mingi ya kushikwa na kidole gumba cha Bibi, na hapakuwa na kingine kama hicho.

"Lile jiwe ndilo mwavuli wa Mama Mzigo," mwalimu alieleza. "Mvua inakula pembeni, lakini chini ya jiwe haifiki. Ila mguu wake ni udongo mtupu. Msiguse, msipande. Mmesikia?"

"Tumesikia, mwalimu!" waliitikia wote, na Kidole alikuwa miongoni mwao.

Wakati wa kula, wenzake walikaa kivulini. Kidole alibaki nyuma ya Mama Mzigo pamoja na msichana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza.

"Eti bibi yako fundi," Redio alisema. "Fundi gani wa kuokota tope la bondeni, na udongo mzuri uko hapa?"

"Hata huu naujua mimi," Kidole alijibu. Akachomoa kile kipande cha kibuyu, akakwangua mguu wa nguzo. Udongo ulikuwa laini kama unga. Akaulowesha kwa maji ya kunywa, akafinyanga chungu kidogo kama yai.

Redio aliachama. "Kumbe una mikono ya dhahabu! Nitengenezee na mimi. Na mama. Na dada yangu."

Kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini kilimkaa Kidole kichwani vizuri sana. Akachimba tena, na tena, mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Filimbi ya mwalimu ilipolia, wote wawili walikurupuka wakakimbia. Kipande cha kibuyu kilibaki shimoni.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Maji yaliteremka kwenye nguzo kama yalivyofanya siku zote, lakini safari hii yalikuta mlango uko wazi, yakaingia. Jumatatu asubuhi mlinzi alibisha hodi uani kwa Bibi, viatu vyake vizito kwa tope.

"Bibi, hiki ni chako?"

Bibi alikipokea kile kipande cha kibuyu. Kidole gumba chake kikaingia chenyewe mahali pake. "Ni changu, mwanangu."

"Nimekikuta kwenye kifusi. Mama Mzigo ameanguka. Mguuni palichimbwa shimo."

Kidole alikuwa juu ya gunia, miguu ndani ya udongo. Bibi aligeuka akamtazama. Hakumtazama kwa ukali, bali kama mtu anayengoja jibu la swali dogo tu. Jibu lenyewe lilikuwa ulimini. Kidole alilimeza, akaendelea kukanyaga.

"Tangu nizaliwe sijaugusa udongo uliosimama," Bibi alisema.

"Basi nani?"

Bibi alikizungusha kile kipande cha kibuyu kiganjani.

"Nilikuamini, Bibi," mlinzi alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuumia zaidi kuliko ya hasira. "Nimewafukuza watu na majembe yao, wewe nikakuachia. Kuanzia leo usikanyage tena kule."

Maneno yalifika bombani kabla ya ndoo za jioni. "Kumbe alikuwa anatuzuga na miiko yake," walinong'ona wanawake waliopikia vyungu vyake miaka yote. Bibi alipofika na ndoo yake, walibadili mazungumzo. Alisalimia, wakaitikia wakitazama maji.

Kidole alimfuata Redio shuleni. "Twende tukaseme."

"Twende wapi? Mimi sijachimba," Redio alijibu. "Nyamaza tu, yatapita." Siku hiyo Redio ilizima, na haikuwaka tena.

Udongo uliokuwa uani ulizidi kupungua. Asubuhi ya siku ya kumi na moja tangu mlinzi aje, Kidole alikunja sketi kama kawaida, akakuta gunia limekung'utwa na kuanikwa ukutani.

"Leo hakuna cha kukanyaga," Bibi alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Kidole hakuwahi kuiona mikono hiyo ikiwa mitupu asubuhi. "Nenda shule. Leo utawahi."

Darasani hakuna aliyeicheka miguu yake, maana ilikuwa safi. Aliitazama akaona haya kuliko siku zote alizochekwa.

Mwalimu alikuwa akifundisha mmomonyoko wa ardhi. "Mmeona wenyewe Mama Mzigo," alisema. "Mvua haikumweza miaka yote hiyo. Ameangushwa na tamaa ya yule bibi mfinyanzi."

Kidole alijikuta amesimama. "Si yeye, mwalimu. Nilichimba mimi. Siku ile ile uliyotukataza."

Darasa zima lilimgeukia. Redio aliinamia daftari lake kama amepoteza kitu ndani yake.

Mwalimu alimpeleka kwa mlinzi, na huko Kidole akarudia maneno yale yale akilia. Kisha wote watatu walikwenda nyumbani kwa Bibi. Mlinzi alivua kofia.

"Nisamehe, Bibi. Nimekuvunjia heshima."

"Na mimi nisamehe, mama," mwalimu alisema. "Nimekusema vibaya mbele ya watoto, na mbele yao nitayafuta."

"Yafute na bombani ukiweza," Bibi alisema. "Watoto husahau. Watu wazima hawasahau upesi."

Adhabu ya Kidole ilikuwa kubeba mawe kila Jumamosi mpaka mwisho wa muhula, kuzuia maji yasizile nguzo zilizobaki. Bibi naye aliruhusiwa kurudi makorongoni. Lakini mlinzi aliongeza, macho yake yakiwa chini, "Mdomo wa korongo umezibwa na kifusi. Huwezi kuufikia ule udongo wako wa zamani. Utachota huo huo wa Mama Mzigo."

Siku iliyofuata walikwenda wawili, kila mmoja na kikapu chake. Jiwe bapa lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, na nyuma yake palikuwa na uwazi mkubwa. Bibi aliligusa jiwe kwa kiganja.

"Umeanguka," alisema hatimaye. "Basi ni wetu." Akainama akaanza kuchota. Uso wake haukuwa na furaha hata chembe.

Uani, Kidole alikanda na Bibi akafinyanga. Chungu kilipoinuka, Kidole aliuliza:

"Bibi, ulijua ni mimi?"

"Niliposhika kile kibuyu tu nilijua. Kina miguu ya kujipeleka kule?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungeadhibiwa, basi, na ungebaki mwongo. Nilikungoja." Bibi alizungusha chungu polepole. "Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Ukweli nao ni hivyo hivyo, mjukuu wangu. Ungeusema asubuhi ile, nisingesimangwa hata siku moja. Umeusema siku ya kumi na moja, ukawa mgumu, ukatuumiza sote. Bado ni bora kuliko kutousema. Umenirudishia jina langu. Mama Mzigo hutamrudisha, hata ubebe mawe mpaka uzeeke."

Kidole alilia kimya kimya. Bibi hakumbembeleza. Alipapasa ukingo wa chungu, akashusha pumzi.

"Miaka hamsini nafinyanga," alisema, "sijashika udongo mzuri kama huu. Na sikutaka kuushika."

Kisha akanyoosha mkono, akakishika kidole cha mjukuu wake, akakibonyeza mwenyewe kwenye ubavu wa chungu, kwa nguvu, mpaka kishimo kikaonekana wazi.

"Watu watauliza hiki ni nini," alisema. "Safari hii utawajibu wewe."