Mdomo wa Korongo

Kila siku saa kumi na moja jioni Ghizlane alirudi kutoka shuleni, akavua koti lake jeupe la shule, akanywa chai ya mnanaa iliyobaki asubuhi, kisha akaketi mbele ya cherehani ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kukimbia unaoisha ukishalala. Ulikuwa uchovu wa wiki tatu mfululizo, na wiki hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa amemwamsha darasani mara mbili huku wenzake wakicheka mpaka basi.

Mama yake, ambaye watu walimwita kwa heshima Lalla Rqia, hakujua lolote. Alishona suruali kiwandani kutwa nzima na kurudi saa mbili usiku akiwa hoi. Ghizlane alimwambia kwamba jioni alikuwa akidurusu na wenzake, naye mama akaamini, kwa kuwa mtu aliyechoka hana nguvu za kuuliza maswali mengi.

Ukweli ni kwamba Ghizlane alikuwa akiwashonea Makorongo.

Pale mjini Meknes, Makorongo ni vijana wanaoishabikia timu ya mji kwa namna yao. Wana nyimbo zao na sheria zao, na uwanjani hawakai kitini hata dakika moja. Kwa kila mechi kubwa hushona picha ya kitambaa inayofunika jukwaa zima nyuma ya goli. Hupandishwa kwa kamba dakika chache tu, basi, kazi ya miezi imekwisha. Kabla ya hapo hakuna anayeiona nzima. Vipande hugawiwa nyumba kwa nyumba, kila mshonaji na chake, na mtu wa nje haonyeshwi hata uzi.

Mtaani waliitwa wahuni. Lalla Rqia ndiye aliyelitamka neno hilo kwa uchungu kuliko wote, tangu mwanawe mkubwa, Anouar, ajiunge nao na kuanza kurudi nyumbani sauti imemkauka. Anouar ndiye aliyemletea dada yake kitambaa ndani ya gunia la unga, maana mtaa mzima ulijua kwamba mkono wa Ghizlane kwenye cherehani haukuwa wa mchezo.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mechi, Ghizlane alimaliza mshono wa mwisho na kukitandaza kipande chake sakafuni. Kilikuwa kichwa cha korongo, kilichoungwa kwa tepe pana za kitambaa. Akakitazama kikiwa kizima kwa mara ya kwanza. Utepe wa nne ulikuwa juu chini. Mdomo wa ndege, uliopaswa kuelekea mbele kwa fahari, ulikatika katikati, nusu yake ikawa imeota kwenye paji la uso. Alikumbuka siku aliyoushona utepe ule. Alikuwa akisinzia.

Kuufumua na kuushona upya ilikuwa kazi ya siku mbili, na kipande kilitakiwa kesho. Simu ikalia. Alikuwa Anouar.

"Vipi, umemaliza?"

"Nimemaliza," alijibu Ghizlane.

"Mashine wewe! Kesho tukishakula kuskusi ya Ijumaa nakichukua."

Akakata simu na kukaa chini palepale. Kila mtu angekiona Jumapili, uwanja mzima na mashabiki wa timu pinzani, lakini nani angejua kimeshonwa na nani? Alijaribu kujifariji kwa wazo hilo na hakufarijika. Mama yake alipofungua mlango, alimkuta bado amekaa sakafuni, machozi yanamtoka, na kichwa cha korongo kimejaa sebule nzima.

Lalla Rqia alisimama na mkoba mkononi.

"Hiki ni nini?"

"Mama, nilikudanganya. Sikuwa nadurusu." Akasema yote, wiki tatu zote, mpaka utepe wa nne.

"Mmoja wameshanichukulia," alisema mama. "Sasa na wewe? Kwenye cherehani yangu?" Alikuwa amekasirika kweli, lakini miguu ilimuuma, basi akaketi. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukaanza kupapasa mshono. "Nani alikufundisha kukunja ukingo hivi?"

"Wewe."

Mama akaulaza ukingo kwa kidole. "Kesho nitaomba ruhusa kiwandani, nitakwenda nawe. Utawaambia mwenyewe."

Ijumaa jioni, baada ya shule, walifika, mama, binti na Anouar aliyeinamisha kichwa kwa aibu, katika jengo la zamani la kukamulia zeituni ambako Makorongo walikutana. Vijana kama thelathini walikuwa wakikunja vitambaa. Lalla Rqia alishtuka kumwona muuzaji wa duka la dawa la mtaani na yule msichana wa ghorofani anayesomea sheria. Zouhair, kiongozi wao, fundi wa mafriji mwenye sauti iliyokwaruzika, akamkabili mlangoni.

"Samahani, Lalla. Mtu wa nje haingii."

"Wa nje? Cherehani yangu, uzi wangu, mwanangu. Wa nje ni nani hapa?"

Wengine wakacheka. Zouhair hakucheka, ila alisogea kando.

Ghizlane akasimama katikati yao. "Kipande namba tisa ni changu. Utepe wa nne niliushona juu chini. Nilikuwa nasinzia, na jana nikasema nimemaliza."

Aliyatarajia matusi. Badala yake muuzaji wa duka la dawa akakohoa. "Namba kumi na mbili nami sina uhakika nayo. Niliona haya kusema." Mwingine akainua mkono. Halafu mwingine. Wote walikuwa wakitoka kazini au masomoni na kushona macho yakiwa mazito, na kwa kuwa hakuna aliyekiona kipande cha mwenzake, kila mmoja alibaki na kosa lake peke yake.

"Kiwandani kwetu hata suruali moja haitoki bila jicho la pili," alisema Lalla Rqia. "Tandazeni yote."

"Sheria yetu hairuhusu kuiona picha nzima kabla ya mechi," alisema Zouhair.

"Basi Jumapili itawaruhusu kuchekwa."

Zouhair alijikuna kichwa, akawatazama wenzake, mwisho akaitikia. Wakaitandaza uani. Vipande vitano vilikuwa na makosa. Lalla Rqia alivua viatu, akapiga magoti juu ya kitambaa, akawa anaelekeza: fumua hapa, geuza pale, wewe usivute uzi hivyo. Walifanya kazi siku hiyo na kutwa nzima ya Jumamosi, siku ambayo Lalla Rqia alikuwa ameitenga kupumzika.

"Mtaani wanasema mnavunja vioo vya mabasi," alimwambia Zouhair bila kuinua macho.

"Wapo waliovunja, Lalla. Wawili tuliwafukuza. Wengine hatukuwajua."

Alilipenda jibu lile la ukweli kuliko kama angepewa jibu tamu.

Jumapili Ghizlane hakwenda uwanjani. Hiyo ilikuwa adhabu yake, pamoja na kuacha cherehani mpaka mitihani iishe. Alikaa na mama yake juu ya paa, wakisikia nyimbo kutoka mbali. Ghafla nyimbo zikakatika. Ukapita muda mrefu. Kisha ukaja mlio mmoja mkubwa, mpaka njiwa wa jirani wakaruka. Simu ikalia, na Lalla Rqia akamnyang'anya binti yake.

"Anouar! Mdomo je? Mdomo umekaa sawa?"

Sauti ya Anouar ilikuwa imekauka kabisa. "Umenyooka, Mama! Umenyooka!"

Mama akairudisha simu na kujifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Ungenyamaza Alhamisi, na wale wengine wangenyamaza. Sasa hivi mji ungekuwa unachekwa, na wewe ungekuwa umekaa hapa na siri yako. Ukichoka, niambie umechoka. Ukikosea, niambie umekosea. Nitakasirika, ndiyo. Lakini kosa ulilolisema tunaweza kulifumua pamoja."

"Mama, Makorongo bado ni wahuni?"

Lalla Rqia akafikiri kidogo. "Baadhi," alisema. "Haya, shuka ukalale."

Ghizlane akashuka, akalala mchana kweupe, bila kumficha mtu yeyote kwamba amechoka.